Nafasi ya Sita: Mpangilio wa Asidi Amino na Kazi ya Protini

Kwa wengi wetu protini iliingia darasani kupitia mlango wa jikoni. Tulifundishwa kwamba kuna vyakula vya kutia nguvu, vya kulinda mwili na vya kujenga mwili, na kwamba maharage, dagaa, mayai na nyama vimo katika kundi hilo la mwisho. Si uongo. Lakini mafundisho hayo yametuachia picha iliyo ngumu kung'oka: kwamba protini ni malighafi, kitu cha kupimwa kwa gramu, na kwamba mwili ukidhoofika dawa yake ni kuongeza kiasi. Mhadhara huu unaipinga picha hiyo. Ninachodai ni kwamba kinachoifanya protini iweze kubeba oksijeni, kuvunja wanga au kukaza msuli ni mpangilio wa vitu vilivyoiunda zaidi ya vitu vyenyewe, na kwamba mpangilio huo hauliwi, haunywewi wala hauuzwi sokoni. Ushahidi nitauchukua zaidi katika selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao nchini Tanzania pekee hukadiriwa kuzaliwa nao watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Nimeuchagua kwa sababu ni miongoni mwa magonjwa machache mno ambayo kemia imeweza kuyafuata hatua kwa hatua, kuanzia atomu chache zilizobadilika hadi maumivu ya mtoto wodini.

Tuanze na asidi amino yenyewe. Zote 20 ambazo mwili huzitumia kuunda protini zina kiini kimoja: atomu ya kaboni iliyofungamana na vitu vinne. Upande mmoja kuna kundi la amino, lenye naitrojeni na haidrojeni. Upande wa pili kundi la kaboksili, lenye kaboni na oksijeni mbili. Upande wa tatu haidrojeni moja. Na upande wa nne kuna kile ambacho hapa nitakiita tawi. Katika majimaji ya mwili kundi la kaboksili huachia protoni yake na kubaki na chaji hasi, na kundi la amino huipokea protoni na kuwa na chaji chanya, hivyo molekuli moja ndogo hubeba chaji mbili zinazokinzana. Ndiyo maana asidi amino zikikaushwa huwa fuwele ngumu, na karibu zote huyeyuka katika maji kuliko katika mafuta. Hayo yote ni ya pamoja. Tofauti imo kwenye tawi. Tawi la glaisini ni atomu moja tu ya haidrojeni. Tawi la valini ni kaboni tatu zilizozungukwa na haidrojeni, halina chaji yoyote, na tabia yake ni ya mafuta: huyakwepa maji. Tawi la asidi ya glutamiki huishia kwenye kundi la pili la kaboksili, kwa hiyo lina chaji hasi na huyapenda maji. Laisini ina chaji chanya. Sisteini ina salfa, na sisteini mbili zikikutana zinaweza kufungamana kwa kifungo imara cha salfa kwa salfa. Prolini ni mkaidi wa familia: tawi lake limejipinda na kurudi kuishika naitrojeni yake yenyewe, na popote ilipo huulazimisha mnyororo kupinda. Nimezitaja hizi kwa majina kwa sababu valini, glutamiki na laisini zitarudi, na hatima ya watu imesimama juu ya tofauti zake.

Asidi amino mbili huungana kundi la kaboksili la moja linaposhikana na kundi la amino la jirani yake na molekuli moja ya maji ikatoka. Hicho ndicho kifungo cha peptidi. Rudia mara mia na zaidi, utapata mnyororo. Vitabu vya shule hupenda kuufananisha na mkufu wa shanga, na mfano huo unafaa kwa dakika moja tu, kwa sababu mkufu ukiutupa mezani hulala ovyo, na kesho ukiutupa tena hulala kivingine. Mnyororo wa protini ndani ya maji haulali ovyo. Kifungo cha peptidi ni bapa na hakizunguki kirahisi, jambo ambalo Linus Pauling na Robert Corey walilitilia mkazo mwaka 1951 walipoonyesha kwamba uti wa mnyororo unaweza kujisokota kuwa hesi yenye asidi amino 3.6 katika kila mzunguko, ikishikiliwa na vifungo vya haidrojeni, au kujipanga kama karatasi yenye mikunjo. Kisha matawi huanza kazi yake. Yale yanayokwepa maji hukusanyika ndani, mbali na maji. Yale yenye chaji hubaki nje. Mnyororo hujikunja mpaka upate umbo ambamo mahitaji hayo mengi yametimizwa kwa pamoja, na umbo hilo ndilo lenye vibonyeo, mipasuko na nyuso zinazofanya kazi. Kwa mnyororo wenye nafasi 146 tu, idadi ya mipangilio inayowezekana kwa asidi amino 20 inakaribia 1 ikifuatwa na sifuri 190. Mwili wa binadamu mzima hutengeneza mmoja miongoni mwa hiyo, na kuutengeneza uleule, siku baada ya siku.

Kwamba mpangilio huo ni thabiti haikuwa wazi tangu mwanzo. Kabla ya miaka ya 1950 wapo wanakemia mashuhuri walioshuku kuwa protini ni mchanganyiko usio na utaratibu kamili, au kwamba asidi amino hujirudia kwa hesabu fulani rahisi. Frederick Sanger, huko Cambridge, alizima mjadala huo kwa insulini. Aliikata vipande, akatambua asidi amino iliyo mwanzoni mwa kila kipande, akavilinganisha vipande vilivyopishana, na kufikia mwaka 1955 alikuwa ameijua yote: asidi amino 51 katika minyororo miwili, kila moja mahali pake, bila hesabu yoyote ya kujirudia ambayo mtu angeweza kuibashiri. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1958. Lakini kujua kwamba mpangilio upo si kuthibitisha kwamba ndio unaoamua umbo. Hilo lilisubiri majaribio ya Christian Anfinsen nchini Marekani, aliyefanya kazi na kimeng'enya kiitwacho ribonukliesi, chenye asidi amino 124 na vifungo vinne vya salfa. Aliikunjua protini hiyo kwa urea na kuvikata vifungo vyote vinne, ikawa uzi usiofanya kazi. Alipoiondoa urea polepole na kuiacha hewa ivirudishe vifungo, kimeng'enya kilijikunja chenyewe na kurejesha karibu uwezo wake wote. Sisteini nane zinaweza kujigawa jozi nne kwa njia 105, na protini ilichagua njia moja sahihi. Alipoviruhusu vifungo vifungamane huku urea ikiwa bado imo, alipata mchafuko wenye takriban asilimia moja tu ya uwezo, yaani kiasi kile ambacho bahati nasibu ingetoa. Katika bomba hilo la majaribio hapakuwa na chembe hai ya kuiongoza. Maagizo yalikuwa ndani ya mpangilio.

Sasa selimundu. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alichapisha maelezo ya kijana mwenye upungufu wa damu ambaye seli zake nyekundu zilikuwa ndefu na zilizopinda. Kwa karibu miaka 40 hakuna aliyejua kama tatizo liko kwenye ngozi ya seli, kwenye plazma au kwingineko. Mwaka 1949 Pauling, Harvey Itano na wenzao walipitisha umeme katika himoglobini (protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu) za wagonjwa na za watu wazima wa afya, wakaona kwamba zinasafiri kwa mwendo tofauti: ya wagonjwa ilikuwa na chaji hasi pungufu. Waliorithi upande mmoja tu walikuwa na mchanganyiko wa zote mbili. Makala yao iliuita ugonjwa wa molekuli, na kwa maoni yangu hilo ni miongoni mwa majina yenye ujasiri mkubwa katika tiba ya karne iliyopita, kwani hawakujua bado ni nini hasa kilichobadilika. Jibu lilitoka kwa Vernon Ingram, Cambridge tena, mwaka 1956 na 1957. Aliikatakata himoglobini kwa tripsini, ambayo hukata baada ya laisini na arginini tu, akavitawanya vipande juu ya karatasi kwa umeme upande mmoja na kwa kimiminika upande mwingine. Vipande vyote vililingana isipokuwa kimoja. Ndani ya hicho kimoja, palipopaswa kuwa na asidi ya glutamiki palikuwa na valini. Leo tunajua ni nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, wenye asidi amino 146. Nyingine zote 145 ni zilezile.

Tazameni kemia ya badiliko hilo. Tawi lenye chaji hasi, linalopenda maji, limeondoka. Mahali pake, usoni kabisa mwa protini, limekaa tawi la mafuta. Himoglobini ina minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta, kwa hiyo chaji mbili zimepotea katika kila molekuli, na hicho ndicho alichokiona Pauling. Inapokuwa na oksijeni, himoglobini hii hufanya kazi yake vizuri. Inapoiachia oksijeni kwenye tishu, minyororo yake husogea, na juu ya mnyororo wa beta hufunguka kibonyeo kati ya nafasi ya 85 na ya 88, chenye matawi yanayokwepa maji vilevile. Valini ya molekuli moja huingia katika kibonyeo cha jirani. Jirani naye ana valini yake. Seli nyekundu imejaa himoglobini kiasi cha theluthi moja ya uzito wake, hivyo majirani hawakosekani, na baada ya muda mfupi hujengeka nyuzi ngumu zenye minyororo 14 ya molekuli iliyosokotana, zikaisukuma seli kutoka ndani hadi ipinde. Seli ngumu huziba mishipa midogo ya damu: hapo ndipo yanapotoka maumivu ya mifupa, kiharusi cha watoto na kuharibika kwa wengu. Tena hufa mapema, baada ya siku 10 hadi 20 badala ya 120, na damu hupungua kwa sababu uboho haumudu kasi ya kuzifidia.

Hapa ndipo hoja yangu inapogusa jiko. Mtoto mwenye selimundu hajakosa protini, wala hajakosa asidi ya glutamiki, ambayo imejaa katika karibu kila chakula. Mwili wake una kila kilichohitajika kutengeneza himoglobini ya kawaida ila maagizo ya mahali pa kukiweka. Na chakula hakiwezi kuyaleta maagizo hayo, kwa kuwa kazi ya tumbo na utumbo ni kuyafuta: pepsini na tripsini huukata mpangilio wa protini ya samaki au ya kunde mpaka zibaki asidi amino mojamoja na vipande vidogo sana, ndipo zifyonzwe. Seli huzipanga upya kwa kufuata jeni zake. Kwa hiyo juisi ya rozela, matembele na supu ya pweza vinaweza kuwa chakula kizuri, lakini haviwezi kuigusa nafasi ya sita. Vidonge vya madini ya chuma navyo havitibu, maana upungufu huu wa damu chanzo chake si ukosefu wa chuma. Kwa wagonjwa wanaoongezewa damu mara kwa mara chuma hulimbikizana mwilini na kuwa hatari, hivyo vidonge hivyo vitolewe pale tu vipimo vinapoonyesha haja.

Mtu wa lishe atanipinga hapo, na ana haki. Kiasi kina uzito wake. Kati ya asidi amino 20, tisa hatuwezi kuzitengeneza na lazima tuzile. Ikikosekana moja, ujenzi wa mnyororo husimama hata kama nyingine zimefurika. Mahindi yana uhaba wa laisini na triptofani, maharage yana laisini ya kutosha, na makande yameliziba pengo hilo vizazi vingi kabla ya mtu yeyote kuipima laisini. Nalikubali hilo lote, na naongeza kwamba mtoto mwenye selimundu anahitaji kula vizuri kuliko wenzake, pamoja na asidi ya foliki, kwa kuwa mwili wake unatengeneza seli nyekundu kwa kasi isiyo ya kawaida. Lakini hebu tuone pingamizi hilo linathibitisha nini. Mahindi yana upungufu kwa sababu protini zake zina mpangilio wenye laisini chache. Hata hapo tunazungumzia mipangilio, isipokuwa ni ya mmea.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kama badiliko moja kati ya 146 lina nguvu hivyo, mbona kila badiliko halituui? Zimekwisha kuorodheshwa himoglobini tofauti zaidi ya 1,000 kwa binadamu, na nyingi hazina madhara yoyote. Tena mayoglobini ya nyangumi, ambayo John Kendrew aliichora kwa eksirei mwishoni mwa miaka ya 1950, ina umbo karibu sawa na mnyororo wa himoglobini yetu ingawa asidi amino zilizo nyingi ni tofauti. Je, mpangilio una amri kweli? Nadhani pingamizi hili linainoa hoja. Kinachohesabika si jina la asidi amino katika kila nafasi bali tabia ya tawi lake mahali lilipo: linakwepa maji au linayapenda, lina chaji gani, limo ndani au liko nje, jirani yake ni nani. Valini ikichukua nafasi ya lusini ndani ya kiini cha protini, mara nyingi si kitu, kwani zote ni za mafuta. Na ushahidi mzuri kuliko wote uko kwenye nafasi ileile ya sita. Afrika Magharibi kuna himoglobini C, ambayo asidi ya glutamiki imebadilishwa na laisini. Badiliko la chaji ni kubwa zaidi kuliko lile la selimundu, kutoka hasi hadi chanya. Lakini laisini inapenda maji, haiingii katika kile kibonyeo, haijengi zile nyuzi, na aliyeirithi pande zote mbili kwa kawaida hupata upungufu mdogo wa damu tu. Nafasi moja, mabadiliko mawili, maisha mawili tofauti kabisa.

Wapo watakaosema kwamba Anfinsen alirahisisha mno. Yai likichemshwa halirudi kuwa bichi hata likipoozwa. Ndani ya seli kuna protini walezi zinazozisaidia nyingine kujikunja. Na prioni, ambazo kwazo Stanley Prusiner alipata Nobel mwaka 1997, zina mpangilio uleule wa protini ya kawaida lakini umbo jingine lenye kuua ubongo. Yote ni kweli. Katika yai protini zimesongamana mno, zikikunjuka hunasana kabla hazijajirudi. Walezi huzuia mnaso wa namna hiyo bila kuiambia protini umbo la kuchukua. Na prioni zinatufundisha kwamba mpangilio mmoja unaweza kuwa na zaidi ya shimo moja la kuangukia. Kwa hiyo lazima niiseme hoja kwa uangalifu: mpangilio huamua umbo katika mazingira fulani ya maji, joto, chaji na msongamano. Ukibadilisha mazingira umebadilisha swali. Selimundu yenyewe inaonyesha hivyo, kwani himoglobini yake ikiwa na oksijeni haina kasoro ya kuonekana. Kwa upande mwingine, mwaka 2020 programu ya AlphaFold iliweza kubashiri maumbo ya protini nyingi kwa usahihi mkubwa ikianzia kwenye mpangilio, ikisaidiwa na mipangilio ya protini za jamaa zake, na waliohusika, Demis Hassabis na John Jumper, wakapewa sehemu ya Nobel ya kemia mwaka 2024. Kama mpangilio haungekuwa na habari hiyo, kompyuta isingekuwa na cha kusoma.

Mazingira huamua pia lipi ni kosa. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa jamii mbalimbali Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1949. Aliona kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Victoria waliobeba himoglobini ya selimundu walikuwa wengi, mahali pengine zaidi ya mmoja kati ya watano, ilhali nyanda za juu walikuwa wachache mno. Ramani ilifuata mbu. Mwaka 1954 alitoa ushahidi kwamba waliorithi upande mmoja hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Valini ya nafasi ya sita haikubaki miongoni mwetu kwa ajali. Iliokoa watoto wengi kwa gharama ya wachache waliourithi ugonjwa kwa baba na kwa mama.

Linabaki swali ambalo wazazi huuliza kliniki: mbona ndugu wawili wa tumbo moja, wenye badiliko lilelile, mmoja hulazwa kila mara na mwingine mara chache? Sehemu ya jibu ni himoglobini ya mtoto mchanga. Tumboni mwa mama, mahali pa mnyororo wa beta kuna mnyororo wa gama, ndiyo maana selimundu kwa kawaida haijitokezi katika miezi ya kwanza ya maisha. Baada ya hapo gama hupungua, lakini si kwa watu wote sawasawa, na aliyebaki nayo nyingi hupata nafuu. Dawa ya haidroksiurea huiongeza gama, na ndiyo dawa ambayo mgonjwa wa Dar es Salaam au Mwanza anaweza kuitarajia. Tukiuliza gama inasaidiaje, tunarudi kwenye asidi amino. Katika nafasi ya 87, jirani na kile kibonyeo, beta ina threonini lakini gama ina glutamini, na tofauti hiyo huivuruga mishikano ambayo nyuzi huitegemea. Mwezi Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba mbili za jeni kwa selimundu. Moja huiamsha gama. Ya pili humpa mgonjwa jeni ya beta iliyorekebishwa kwa makusudi katika nafasi ya 87, threonini ikaondolewa na glutamini ikawekwa. Zote mbili huhitaji kuchukua seli za uboho na kuusafisha uboho kwa dawa kali hospitalini, kwa gharama ambayo kwetu bado ni ndoto, na katika zote mbili valini ya mgonjwa inaachwa palepale ilipo, kwenye nafasi ya sita.